Kutafuta Fedha za Kuhifadhi Mimea, Kuvu na Amfibia Walio Hatarini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa namna nyingi: mtafiti kijana aliyeipenda spishi moja na hana nauli ya kuifikia, kikundi kinacholinda kipande cha msitu au chemchemi, na mara moja moja mtu mwenye fedha zake anayetaka zifike panapohitajika. Majibu ni marefu pale ambapo waombaji hukwama zaidi.

Mimea, kuvu (uyoga na jamaa zake) na amfibia (vyura na jamaa zao) havina undugu. Kwa nini vinazungumzwa pamoja?

Kwa sababu fedha za uhifadhi huvipita vyote vitatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la kisayansi la PNAS ulipitia miradi karibu 14,600 iliyofadhiliwa katika kipindi cha miaka 25, yenye thamani ya karibu dola bilioni 2 za Marekani. Asilimia 82.9 ya fedha hizo zilikwenda kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Mimea yote ya dunia iligawana asilimia 6.6. Kuvu na miani kwa pamoja hazikufikia hata asilimia 0.2. Amfibia nao wana uti wa mgongo, lakini hilo halikuwasaidia, maana fungu lao lilikuwa chini ya asilimia 3. Wakati huohuo, asilimia 29 ya fedha zote zilikwenda kwa spishi ambazo hazimo hatarini.

Sasa linganisha na hali yenyewe. Tathmini ya pili ya amfibia duniani, iliyotoka mwaka 2023, iliangalia spishi 8,011 na kukuta asilimia 40.7 ziko hatarini kutoweka. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo katika hali mbaya kiasi hicho, na miongoni mwa salamanda, yaani amfibia wenye mkia, ni spishi tatu katika kila tano. Kwa upande wa miti, Orodha Nyekundu ya IUCN (orodha ya spishi kulingana na hatari ya kutoweka, inayotolewa na Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Mazingira Asilia) ilitangaza mwaka 2024 kuwa spishi 16,425 kati ya 47,282 zilizotathminiwa ziko hatarini. Hiyo ni zaidi ya thuluthi moja. Kuhusu kuvu, hadi Machi 2025 zilikuwa zimetathminiwa spishi 1,300 tu, na 411 kati yake zilionekana kuwa hatarini, ilhali wanasayansi wanakadiria kuwa dunia ina spishi za kuvu zipatazo milioni 2.5.

Sisemi tembo au chui wanyimwe. Ninachosema ni kwamba mwombaji wa kazi ya uyoga au ya chura anaingia mahali ambapo washindani ni wachache, mahitaji ni makubwa, na fedha kidogo huonekana haraka. Ajue hivyo anapoandika, asiombe kama mtu anayeomba radhi.

Nani hasa hutoa fedha za kazi hii?

Wapo wengi kuliko inavyodhaniwa, ila kila mmoja ana masharti yake.

Kwa kazi inayolenga spishi moja iliyotajwa kwa jina, unaojulikana zaidi ni mfuko wa Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund wenye makao Abu Dhabi. Hutoa ruzuku zisizozidi dola 25,000 na haubagui: mnyama, mmea au kuvu, vyote hupimwa kwa uzito wa hatari inayovikabili. Kwa miti peke yake ipo Fondation Franklinia ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambayo hushughulikia miti iliyo hatarini duniani na hailazimishi mradi uwe na mnyama wa kuvutia macho.

Critical Ecosystem Partnership Fund, ulioanza mwaka 2000, huzipa fedha asasi za kiraia katika maeneo yenye bioanuwai nyingi yaliyokwisha kuharibiwa sana. Ili eneo lihesabiwe humo lazima liwe na angalau spishi 1,500 za mimea yenye mishipa isiyopatikana kwingine kokote, na liwe limepoteza asilimia 70 au zaidi ya uoto wake wa asili. Kwa hiyo hata pale mfuko huo unapozungumzia ndege, msingi wake ni mimea, na mwombaji wa mimea ana haki ya kulikumbusha hilo.

Wanaoanza wana milango miwili mizuri. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku kwa hatua: ukimaliza ya kwanza na kutoa ripoti, unaomba ya pili. Conservation Leadership Programme, iliyoanza mwaka 1985, hupokea timu za vijana na si mtu mmoja mmoja. Vikundi vya kijamii visitazame huko tu, kwani mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF) unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) umekuwa ukiwafadhili watu wa namna hiyo tangu mwaka 1992. Kwa amfibia, Amphibian Ark hutoa ruzuku za kuanzishia kazi za kuwazalisha wakiwa kwenye uangalizi. Kwa kuvu za ardhini zinazoshirikiana na mizizi, shirika la SPUN lililoundwa mwaka 2021 huwasaidia watafiti kukusanya sampuli za udongo sehemu ambazo hazijawahi kuchunguzwa.

Halafu kuna fedha kubwa kubwa. Mfumo wa Kunming-Montreal, makubaliano ya nchi za dunia kuhusu bioanuwai yaliyofikiwa Desemba 2022, unataka dola bilioni 200 kwa mwaka zipatikane kwa ajili ya bioanuwai ifikapo 2030. Hizo hupita kwenye serikali na mashirika makubwa, tena kwa maeneo mapana. Ni nadra zimfikie mtu mwenye uyoga mmoja. Njia ya kuzifikia ni kuhakikisha spishi yako imo kwenye mpango wa taifa wa bioanuwai, kwa sababu kisichoandikwa humo hakipangiwi fedha.

Tarehe za mwisho na viwango hubadilika. Soma tangazo la mwaka huo kwenye tovuti ya mfadhili mwenyewe, usitegemee ujumbe uliosambazwa.

Ruzuku ya dola elfu chache inaweza kufanya nini cha maana?

Mengi, na hapa ndipo viumbe hivi vinapotofautiana na wanyama wakubwa. Uyoga hauhitaji helikopta wala askari wenye silaha. Mti ulio katika kilima kimoja unaweza kuzungushiwa uzio, kukusanyiwa mbegu na kuoteshewa miche kwa gharama ya mkutano mmoja wa siku tatu hotelini.

Mfano ninaoupenda ni wa Australia. Ugonjwa wa kitridi, unaosababishwa na kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, umeua amfibia mabara kwa mabara, na kwa muda mrefu ilionekana kuwa porini hakuna la kufanya. Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi rahisi mno: waliweka matofali yenye matundu ndani ya vibanda vidogo vinavyopata joto la jua. Kuvu hiyo haipendi joto. Vyura walioingia kwenye matundu walipona, na waliopona walikuwa na kinga zaidi walipokutana na ugonjwa tena. Matofali na kibanda cha kunasia joto hupatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kilichogharimu ni akili na subira ya watu walioijua tabia ya vyura hao vizuri, na hiyo ndiyo gharama ambayo mfadhili anapaswa kuilipa bila kusitasita.

Spishi yangu haimo kwenye Orodha Nyekundu, au imo ila imeandikwa kuwa taarifa zake hazitoshi. Naweza kuomba?

Unaweza kwa baadhi ya wafadhili, lakini utakuwa umejipa mlima wa kupanda. Wengi hutumia Orodha Nyekundu kama chujio la kwanza: spishi iliyo hatarini kabisa hupita, isiyotathminiwa husubiri. Kwa kuvu huu ni mduara unaoumiza, kwani hazina fedha kwa kuwa hazijatathminiwa, na hazijatathminiwa kwa kuwa hazina fedha.

Mduara huo hukatwa kwa kuifanya tathmini iwe kazi ya kwanza. Haihitaji miaka mingi. Vigezo vya IUCN vinakubali ushahidi wa namna mbalimbali, na kimojawapo ni ukubwa wa eneo spishi inamopatikana. Eneo la mtawanyiko likiwa chini ya kilomita za mraba 100, spishi inaweza kuingia kundi la zilizo hatarini kabisa. Chini ya 5,000, zilizo hatarini. Chini ya 20,000, zilizo katika mazingira hatarishi. Lakini eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima uoneshe pia mambo kama kukatika vipande kwa makazi yake na kupungua kunakoendelea. Mimea na kuvu nyingi zina kumbukumbu kwenye hebaria (hazina za mimea iliyokaushwa) na makumbusho ambazo hazijawahi kuwekwa kwenye ramani, na kuzipanga ni kazi ya mezani inayoweza kuanza leo.

Wasiliana mapema na kikundi cha wataalamu cha IUCN kinachohusika na kundi lako la viumbe, kwa sababu wao ndio wanaohakiki tathmini. Kwa kuvu, Global Fungal Red List Initiative hupokea mapendekezo ya spishi kutoka kwa mtu yeyote. Na kama tathmini ipo lakini imezidi miaka kumi, ihesabu kuwa imepitwa na wakati. IUCN nayo huiona hivyo, na kuihuisha ni shughuli halali ya kuombea fedha.

Tathmini yako ikionesha kwamba spishi haimo hatarini, hiyo nayo ni habari njema. Geukia nyingine.

Lazima niwe na shahada ya uzamili au asasi iliyosajiliwa?

Si kwa wote. Wapo wafadhili wanaompa mtu binafsi, lakini hata hao watataka kuona nani atapokea na kutunza fedha. Akaunti ya chuo, bustani ya mimea au asasi inayokubali kukudhamini huondoa mashaka mengi. Shahada husaidia. Miaka uliyokaa na spishi yenyewe husaidia zaidi, mradi uioneshe kwa kumbukumbu na si kwa maneno matupu.

Andiko zuri la mradi linakuwaje?

Linaanza na spishi. Maandiko mengi dhaifu hutumia kurasa mbili za mwanzo kueleza kwamba bioanuwai ya dunia inapungua. Msomaji wa mfuko wa spishi anajua. Ndiyo maana yuko kazini. Anachotaka kujua tangu mstari wa kwanza ni hiki: inaitwaje, iko wapi, imebaki kiasi gani kwa kadiri inavyojulikana, nini kinaiua, wewe utafanya nini, na utajuaje kama umefaulu.

Kati ya hayo, panapovunjika mara nyingi ni kati ya kinachoiua na utakachofanya. Nimesoma maandiko yanayoeleza vizuri kabisa kwamba mmea unamalizwa na mbuzi wanaokula miche, halafu fedha zikaombwa kwa ajili ya mabango, fulana na warsha ya uelewa. Mbuzi hasomi bango. Kama tatizo ni mbuzi, omba uzio, omba kazi ya kukubaliana na wafugaji kuhusu njia za mifugo, omba mtu wa kukagua uzio kila wiki.

Mfano wa kinyume ni wa milima ya Sierra Nevada huko California. Vyura wa huko walimalizwa na samaki aina ya trauti waliopandikizwa kwenye maziwa ambayo hayakuwa na samaki, na baadaye ugonjwa wa kitridi ukaongezea. Wahifadhi walianza kwa kuwaondoa samaki ziwa kwa ziwa. Kisha wakachukua vyura kutoka makundi yaliyokuwa yameanza kuuhimili ugonjwa na kuwapeleka kwenye maziwa yaliyosafishwa. Katika hifadhi ya Yosemite kazi hiyo imerudisha makundi ya vyura yanayojitegemea. Kila shughuli ilijibu chanzo kimoja cha tatizo, na ukiisoma huoni mahali pa kuuliza kwa nini.

Kipimo cha mafanikio kihusu spishi. "Watu 200 watahudhuria mafunzo" ni hesabu ya viti. "Miche 150 itakuwa hai miezi 12 baada ya kupandwa" ni hesabu ya mimea, na hiyo ndiyo mfadhili anayoweza kumweleza aliyempa fedha.

Jambo la mwisho kuhusu andiko: tumia jina la kisayansi kwa usahihi na lilingane na lile la Orodha Nyekundu. Wapo wahakiki wanaoligundua kosa hilo kabla ya kusoma kitu kingine, na sioni ubaya kwao.

Utafiti peke yake unafadhiliwa?

Mara chache, isipokuwa utafiti huo ni kikwazo cha hatua inayofuata. Sema wazi uamuzi gani utafanyika kutokana na matokeo, na nani ataufanya.

Katika bajeti, nini hulipwa na nini hakilipwi?

Nauli, mafuta, posho za wasaidizi wa uwandani, vifaa vya kitalu, vipimo vya maabara na vibali hulipwa karibu kila mahali. Mishahara hutofautiana: wafadhili wadogo wengi huikubali kwa sehemu tu, na huuliza sana wanapoona mwombaji amejiwekea kiasi kikubwa. Hata hivyo usiandike sifuri kwa aibu. Mradi unaoonesha kwamba hakuna mtu anayelipwa humtia msomaji wasiwasi, maana anajua kazi hiyo itaachwa siku ajira itakapopatikana kwingine.

Gharama za uendeshaji za taasisi ni sehemu nyingine ya kuulizia kabla ya kuandika. Vyuo vingine hukata asilimia kubwa, na baadhi ya wafadhili hukataa kabisa kuilipa. Tofauti hiyo ikigundulika baada ya fedha kuingia, anayeumia ni mwombaji.

Ununuzi wa gari kwa ruzuku ndogo hauwezekani. Likodi badala ya kulinunua. Kamera ya gharama kubwa ieleze kazi yake. Na kiwango cha kubadilisha fedha kiandikwe pamoja na tarehe, kwa sababu shilingi, kwacha au peso ikishuka katikati ya mradi, hayo ndiyo maelezo yatakayokuokoa.

Kwa nini tusiwachukue tu amfibia waliobaki tukawatunza kwenye vituo?

Inawezekana, na mara nyingine ndiyo njia pekee. Chura wa Kihansi wa Tanzania, Nectophrynoides asperginis, ni ushahidi. Wanasayansi walimwona mara ya kwanza mwaka 1996, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa sana ya maji ilielekezwa kwingine na manyunyu yakakauka. Mwaka huohuo vyura 499 walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni iliwekwa mitambo ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka, na mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wakati wote huo waliendelea kuzaana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani, na mwaka 2012 kurudishwa kwao korongoni kulianza.

Ukiwa mwombaji, soma kisa hicho kwa jicho la fedha. Kati ya kuwachukua na kuanza kuwarudisha ilipita miaka 12. Kila siku ya miaka hiyo kulikuwa na chakula cha kuandaa, maji ya kupima, magonjwa ya kutibu, mishahara ya kulipa. Hakuna ruzuku ya mwaka mmoja inayobeba mzigo huo. Kwa hiyo ukiomba fedha za kuanzisha kituo cha kuzalisha amfibia, mfadhili makini atakuuliza mambo mawili: nani atalipa mwaka wa tano, na chanzo cha kutoweka kwao porini kinashughulikiwa na nani. Bila majibu hayo unaomba fedha za kuwaweka vyura katika masanduku ya kioo maisha yao yote. Afadhali fedha ndogo ziende kwenye kulinda maji yao wakiwa bado wapo.

Pia weka fungu la usafi wa viatu na vifaa. Watafiti wenyewe wanaweza kubeba kitridi kutoka kijito kimoja hadi kingine, na andiko la amfibia lisilotaja dawa ya kuua vimelea halijakamilika.

Kwa mimea, si inatosha kupeleka mbegu benki?

Kwa mimea mingi ni hatua nzuri: mbegu zikikaushwa na kuwekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hukaa hai miaka mingi sana. Lakini mimea mingine, hasa miti ya misitu yenye unyevu, ina mbegu zinazokufa zikikaushwa. Kwa hiyo uliza swali hilo kabla ya kuandika bajeti. Mbegu ikiwa ya aina ya pili, fedha zako zinatakiwa kwenye kitalu, kwenye makusanyo hai ya bustani kadhaa, au kwenye maabara ya kukuza tishu.

Jingine linalosahaulika ni utofauti wa vinasaba. Miche 1,000 iliyotoka kwenye mti mama mmoja hupendeza kwenye picha na kudanganya kwenye hesabu. Afadhali miche 200 kutoka miti mama 30, kila mmoja ukiwa na namba na kumbukumbu zake. Na utunzaji baada ya kupanda, yaani kumwagilia, kupalilia, kuhesabu iliyokufa na kurudishia, uwe na fungu kubwa kuliko siku ya kupanda. Wafadhili wa miti wenye uzoefu hutazama hapo kwanza.

Mradi wa kuvu hufanya nini hasa? Uyoga huota na kupotea.

Kinachoota na kupotea ni sehemu ya kuzalia tu. Mwili wenyewe upo ndani ya udongo, ndani ya gogo au kwenye mizizi, mwaka mzima. Hivyo kuhifadhi kuvu ni kuhifadhi mahali ilipo na mwenzi inayeishi naye. Kuvu inayotegemea mti wa aina moja huondoka na mti huo. Inayoishi kwenye magogo makubwa yaliyooza huondoka pale msitu unaposafishwa ili upendeze. Katika takwimu za IUCN za mwaka 2025, angalau spishi 198 za kuvu zilikuwa hatarini kwa sababu ya ukataji na ufyekaji wa misitu, na 91 kwa sababu ya naitrojeni na amonia zinazotiririka kutoka kwenye mbolea na moshi wa injini.

Shughuli zinazoombewa fedha ni kama hizi: kurudia kukagua maeneo ya zamani katika misimu kadhaa, kupima DNA ya udongo ili kuona kama kuvu ipo hata pasipo uyoga, kukubaliana na wenye msitu waache magogo yaliyokufa, kuzuia mbolea kwenye malisho ya kale, na kudhibiti uvunaji. Uyoga wa Sisilia uitwao Pleurotus nebrodensis uliingizwa kwenye Orodha Nyekundu mwaka 2006 kwa sababu ulivunwa mno. Ni mtamu na una bei, na njia mojawapo iliyotumika ni kuulima ili wanunuzi wasitegemee wa porini.

Chile iliziingiza kuvu katika sheria yake ya tathmini ya athari za mazingira zaidi ya miaka kumi iliyopita, na tume ya IUCN ya spishi mwaka 2021 ilitaka kuvu zitajwe sambamba na wanyama na mimea katika mikakati ya uhifadhi. Mambo haya yataje kwenye andiko lako. Bado wapo wahakiki ambao hawajawahi kusoma ombi la kuvu hata moja.

Nitaje mahali halisi spishi ilipo?

Kwa mfadhili, kwa siri, ndiyo, kama ameomba. Hadharani, hapana, ikiwa spishi inaibwa au inaweza kuletewa ugonjwa. Misonobari ya Wollemi iligunduliwa Australia mwaka 1994 na mahali pake pakafichwa, lakini wageni wasio na ruhusa waliingia hata hivyo, na vimelea vinavyooza mizizi vikaonekana baadaye. Okidi, sikadi na vyura wenye rangi kali wana wanunuzi wanaosoma ripoti za watafiti kwa makini kuliko tunavyopenda kuamini. Katika ripoti za wazi andika jina la wilaya au safu ya milima, na uondoe taarifa za mahali kwenye picha kabla ya kuziweka mtandaoni.

Vibali vinahitajika kabla ya kuomba fedha au baada?

Anza kabla. Si lazima viwe mkononi, ila onesha kwamba unajua kipi kinatolewa na nani na kinachukua muda gani. Sampuli zikivuka mpaka, mambo yanaongezeka: Itifaki ya Nagoya, inayotumika tangu Oktoba 2014, inahusu ridhaa na mgawanyo wa manufaa yatokanayo na rasilimali za kijenetiki, spishi zilizo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, zinahitaji kibali chake, mimea inahitaji cheti cha afya ya mimea. Ruzuku ya miezi 12 inaweza kuliwa nusu na kibali kimoja. Pale inapowezekana, fanyia vipimo nchini spishi inakotoka. Ni haraka, na maabara za huko hukua.

Naweza kuomba kwa wafadhili wawili kwa wakati mmoja?

Ndiyo, ukiwaambia wote wawili. Gawa shughuli ili kila mmoja ajue analipia nini. Kumtoza kila mmoja gharama ileile ni wizi.

Wenyeji wa eneo waingizwe vipi?

Mapema, na kwenye bajeti. Mara nyingi wao ndio wanaojua mti unachanua lini na vyura huimba wapi mvua zikianza. Mtu huyo akiwa kiongozi wako wa njia, alipwe kama mtaalamu, jina lake liwe kwenye ripoti kwa ridhaa yake, na matokeo yarudishwe kwake kwa lugha anayoielewa. Usiahidi utalii. Chura mwenye urefu wa kidole hataleta hoteli, na watu walioahidiwa hoteli huacha kumlinda.

Ruzuku ni ya mwaka mmoja, spishi yangu inahitaji ishirini. Nifanyeje?

Gawanya kazi katika vipande vinavyojitegemea, kila kimoja kikiacha kitu kinachobaki: tathmini iliyochapishwa, ramani, mpango wa hatua uliokubaliwa na wahusika, kitalu chenye makusanyo yenye kumbukumbu, uzio. Andiko la kwanza lioneshe mlolongo mzima kwa aya moja, kisha liombe fedha za kipande cha kwanza tu. Mfadhili anayeona njia nzima hurudi kwa urahisi. Tafuta pia mwenyeji wa kudumu, kama bustani ya mimea, hebaria au idara ya misitu, atakayeiingiza kazi hiyo katika shughuli zake za kawaida. Ruzuku huanzisha. Ni mara chache zitunze.

Nimekataliwa. Kuna maana ya kuomba tena?

Ipo, kama kitu kimebadilika. Omba maoni ya wahakiki. Wasipoyatoa, mpe andiko mtu asiyejua fani yako na umwombe akueleze spishi inakufa kwa nini na wewe utafanya nini. Akishindwa, umepata jibu lako. Wakati mwingine kosa ni la kulenga tu: ombi la kuvu lililopelekwa kwa mfuko wa wanyama, ombi la dola 80,000 kwa mfuko unaotoa 25,000.

Mambo yakiharibika katikati ya mradi, niyaweke kwenye ripoti?

Weka, na usisubiri ripoti. Mvua zisiponyesha na vyura wasitoke, mwandikie mfadhili wiki hiyohiyo ukimwomba kusogeza tarehe. Karibu wote hukubali. Wasichokubali ni kimya cha miezi minane kinachofuatiwa na ripoti yenye picha nzuri. Miche iliyokufa iandikwe pamoja na sababu, kwani kitalu kingine mahali pengine kinakaribia kurudia kosa lilelile. Risiti zitunzwe kwa tarehe tangu siku ya kwanza.

Mimi si mtafiti. Nina fedha kidogo na ninataka kusaidia. Nianzie wapi?

Chagua kundi ambalo wengine hawalichagui, halafu uliza maswali yaleyale ambayo mwombaji huulizwa: spishi gani, nini kinaiua, nini kitafanyika, nani atakuwepo mwaka wa tano. Ukipata majibu yanayoeleweka, toa bila masharti mengi, na ikiwezekana ahidi miaka mitatu badala ya mmoja hata kama kiasi cha kila mwaka kitapungua. Mshahara wa msimamizi mmoja wa kitalu kwa miaka mitatu hauna sherehe ya uzinduzi, na wafadhili wengi huukwepa kwa sababu hiyo. Ndiyo fedha ngumu kupatikana kuliko zote katika kazi hii, na ukiweza kulipia kitu kimoja tu, lipia hicho.